Uchambuzi wa kisa: nyumba ya magogo iliyokataa vanishi

Nyumba inayozungumziwa hapa ipo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, upande wa Mufindi, karibu na ukingo ule ambako ardhi inashuka ghafla kuelekea bonde la Kilombero. Majina ya wenyewe, ya mafundi na ya kijiji yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Niliitwa kuikagua baada ya kuta zake kupakwa mara mbili na kubambuka mara mbili. Nilifuatilia matengenezo yake hadi misimu miwili ya mvua ilipopita juu yake, na ninayaandika haya kwa ajili ya mafundi na wenye nyumba za mbao wanaoishi kwenye baridi na ukungu, maana maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yameandikwa kwa ajili ya jua la kwingine.

Usuli

Wenye nyumba ni mke na mume, wastaafu wote wawili. Kama familia nyingi za huko, akiba yao kubwa ilikuwa shamba la miti: misindano, na mikaratusi kidogo pembezoni. Badala ya kuwauzia miti wenye mashine za kupasua mbao, waliamua kujenga nyumba ya magogo ya mviringo yenye vyumba vitatu vya wageni na sebule. Wazo lilitoka kwa mtoto wao anayeishi Kanada, ambako nyumba za namna hiyo si ajabu. Alikuwa akituma picha na maelekezo kwenye simu ya mama yake, na maelekezo hayo yatarudi baadaye katika kisa hiki.

Magogo yalikatwa mvua zilipokuwa zikiisha, yakamenywa magome, na ndani ya miezi miwili hivi yakawa yamepandishwa ukutani. Hapa ndipo tatizo la kwanza. Msindano ukikatwa ungali mbichi, maji yaliyomo yanaweza kuzidi uzito wa mti mkavu wenyewe. Ubao wa inchi moja ukiupanga vizuri kivulini unakauka kwa wiki kadhaa. Gogo zima lenye kipenyo cha sentimita 20 na kitu, kwenye ubaridi wa mita karibu 1,900 juu ya usawa wa bahari, linaweza kuhitaji mwaka au zaidi. Isitoshe, msindano mchanga karibu wote ni mti mweupe, yaani ile sehemu ya nje inayopitisha maji mti ukiwa hai, na mti mweupe wa msindano hauna kinga yake ya asili dhidi ya fangasi wala mchwa. Si mninga huu.

Ujenzi nao ulifuata bajeti. Upenu wa paa ulitoka sentimita 30 tu nje ya ukuta, ili kuokoa mabati. Kwenye kona magogo yalipishana na vichwa vyake vikachomoza nje kama sentimita 40, kwa hiyo vichwa hivyo vilikuwa nje ya paa. Gogo la chini kabisa lilikaa shubiri moja juu ya udongo. Nafasi kati ya gogo na gogo zilijazwa saruji. Hapakuwa na gata. Mtu aliyezoea kujenga kwa tofali za kuchoma asingeona kosa lolote hapo, kwa sababu tofali husamehe mengi ambayo mti hausamehi.

Mambo yalivyokwenda kabla ya ukaguzi

Vanishi iliyochaguliwa ilikuwa ile isiyo na rangi, yenye kung'aa, iliyotengenezwa kwa ajili ya samani za ndani. Fundi alipima kuta kama anavyopima ukuta wa plasta, urefu mara kimo, akanunua kwa hesabu hiyo. Vanishi ikamwishia kuta mbili zikiwa bado, akaongeza thina ili itoshe. Alipoulizwa baadaye hakuficha: "Kaka, niliambiwa ing'ae. Nikaing'arisha."

Na kweli iling'aa. Mwaka wa kwanza wageni walipiga picha wakiwa wameegemea ukuta. Mwaka wa pili ukuta wa magharibi ulianza kuonyesha nyufa ndogo kwenye ngozi ya vanishi, kisha ngozi ikaanza kunyanyuka kama magamba. Upande wa mashariki na kusini haukubambuka sana, ila chini ya vanishi yakatokea madoa meusi na ya bluu yaliyokuwa yakitambaa.

Mwenye nyumba aliita fundi mwingine. Huyu alipitisha msasa juu juu, akapaka vanishi mpya ya aina ileile juu ya ile ya zamani. Ukuta wa kusini ulipewa mikono mitatu badala ya miwili, kwa sababu maelekezo kutoka Kanada yalisema ukuta wa kusini ndio unaopigwa zaidi na jua. Msimu mmoja tu wa mvua ukapita, tabaka mbili zikabambuka kwa pamoja. Jirani akashauri oili chafu kwa magogo ya chini ili kuzuia mchwa, nayo ikapakwa. Hapo ndipo nilipoitwa.

Ukaguzi

Vifaa vilikuwa vichache: kipima unyevu chenye misumari miwili, bisibisi, selotepu, uzi, na kikombe cha maji.

Kipima unyevu ndicho kilichobadilisha mazungumzo. Ukuta wa magharibi ulisoma kati ya asilimia 13 na 15, na wa kaskazini karibu hivyohivyo. Mashariki na kusini usomaji ulikuwa kati ya 24 na 28. Magogo ya chini ya upande wa kusini yalipita 30 sehemu kadhaa. Mti ukikaa juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu uko kwenye eneo la hatari, na ukifika karibu na 30 fangasi wa kuozesha wana kila wanachohitaji. Maana yake nyumba moja ilikuwa na magonjwa mawili. Kuta mbili zilikuwa zinaungua kwa jua, na mbili zilikuwa zinaoza kwa maji.

Bisibisi ilipenya bila nguvu kwenye vichwa vya magogo vilivyochomoza kona ya kusini-mashariki, mahali pengine sentimita tatu. Kichwa cha gogo ni kama fungu la mirija iliyokatwa. Kinafyonza maji kwa kasi mara nyingi kuliko ubavu wake. Vichwa hivi havikuwa chini ya paa, na vilikuwa vimepakwa vanishi mkono mmoja sawa na sehemu nyingine.

Selotepu ilibandikwa mahali ambapo vanishi ilikuwa imetoka upande wa magharibi, kisha ikavutwa. Ilitoka na nyuzi za kijivu. Hizo ni nyuzi za mti zilizopoteza gundi yake ya asili, lignini, baada ya kuvunjwa na mionzi ya jua. Vanishi isiyo na rangi inaipitisha mionzi hiyo. Mti unaharibika chini yake, na vanishi inabaki imeshikilia tabaka la vumbi. Nyufa zinapotokea maji yanaingia nyuma ya ngozi, na ngozi hiyohiyo inayazuia yasitoke.

Jambo la jua linastahili kusemwa vizuri. Mufindi iko kama nyuzi 8 na nusu kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, na kipindi hicho kinabeba karibu kiangazi chote. Ukuta wa kusini unapata jua la adhuhuri katikati ya mvua tu, tena mawingu yakiwa mengi. Kwa hiyo ile mikono mitatu ya vanishi ilikwenda kwenye ukuta unaopata jua kidogo kuliko wote na unyevu mwingi kuliko wote. Ikazidi kuufunga unyevu ndani. Maelekezo yalikuwa sahihi kwa Kanada.

Lakini hata kaskazini haikuwa mbaya kuliko magharibi. Asubuhi ukungu unafunika mpaka saa tatu au nne, kwa hiyo ukuta wa mashariki unasamehewa. Mchana anga linafunguka, na jua la saa kumi linapiga ukuta wa magharibi likiwa limeinama, likipita chini ya upenu wowote wa kawaida. Kwa upande wa maji, upepo unaopanda ukingo kutoka kusini-mashariki unaleta manyunyu hata Julai, wakati Iringa mjini vumbi linatimka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukumpendeza mtu: hakuna kupaka chochote mpaka maji yazuiwe. Mwenye nyumba alitarajia aambiwe jina la rangi bora. Aliambiwa kuhusu mabati.

Upenu uliongezwa kutoka sentimita 30 hadi 90 pande tatu, kwa kuunganisha vipande vya mbao kwenye kenchi zilizopo na kuongeza safu ya bati. Upande wa magharibi, ambako upenu peke yake usingesaidia kitu dhidi ya jua la jioni, iliezekwa baraza yenye upana wa mita mbili na nusu. Gata ziliwekwa. Udongo ulichimbwa kuzunguka msingi hadi gogo la chini likawa karibu sentimita 45 juu ya ardhi, na mahali pa udongo ikawekwa kokoto ili matone yasiruke na matope. Vichwa vya magogo vilivyochomoza vilikatwa mpaka vikaingia chini ya paa jipya. Baba mwenye nyumba alisikitikia vichwa hivyo, kwa kuwa ndivyo vilivyoifanya nyumba ifanane na zile za kwenye picha. Tukakubaliana vibaki sentimita 15.

Magogo mawili ya chini upande wa kusini yalikuwa hayaponi. Ukuta ulinyanyuliwa kidogo kwa jeki, vipande vilivyooza vikatolewa, na mahali pake vikawekwa vipande vya nguzo iliyotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, ya aina inayotumika kwa umeme. Nguzo hizo zikikatwa, sehemu ya ndani isiyofikiwa na dawa inabaki wazi, kwa hiyo kila mkato ulipakwa dawa tena. Mabaki yake yalifukiwa mbali na kisima. Mafundi walionywa wasiyatie jikoni, maana moshi wake una arseniki.

Kuondoa vanishi kulileta mjadala mrefu. Kupiga mchanga kwa kompresa kulikataliwa mapema: msindano ni laini, mchanga unachimba sehemu laini na kuacha mistari migumu imesimama kama mbavu. Kuna njia ya kupiga magogo kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, inayotumika sana Amerika ya Kaskazini, na kwa mkoa wenye mahindi kama huu ilinivutia. Ila magunzi lazima yawe makavu kabisa na yachujwe yalingane, na kompresa yenye nguvu hiyo haikupatikana karibu. Mashine ya kuosha magari ilitumika kwa tahadhari, kwa nguvu ndogo, kwa kusuuza tu. Ukiisogeza karibu inachana nyuzi na kusukuma maji ndani ya nyufa.

Kilichobaki ni kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, kwa kuta zenye tabaka nene, na grenda yenye msasa namba 60 kwa zilizobaki. Vanishi ilikuwa ya mafuta, kwa hiyo kostiki iliilainisha vizuri. Ilichanganywa kwenye ndoo za plastiki, kwani kostiki inaishambulia alumini na kutoa gesi inayowaka. Mafundi walivaa glavu ndefu na miwani. Kostiki inaacha mti umekuwa mweusi na wenye alkali, kwa hiyo baada ya kusuuza ulipakwa asidi ya oksaliki, ambayo ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Asidi hiyo inatuliza alkali, inarudisha weupe wa mti, na inaondoa madoa meusi yanayozunguka misumari ya chuma. Madoa ya ukungu haiyaui. Hayo yalioshwa mapema kwa klorini iliyozimuliwa na kusuuzwa sana.

Kwa nini msasa namba 60 na si 120? Mafundi wa samani walinung'unika, wamezoea kulainisha mpaka mkono uteleze. Tulikusudia kupaka steini ya kupenya, yaani rangi ya mbao inayoingia ndani ya mti badala ya kukaa juu kama ngozi, nayo inahitaji mti wenye vinyweleo vilivyo wazi. Ukiulainisha sana inabaki juu, inanata, na jua linaimaliza haraka.

Oili chafu ndiyo iliyotusumbua kuliko vyote. Haikuzuia mchwa, njia zao za udongo zilikuwa zimepita juu yake. Ila ilizuia kila kitu kingine kushika. Tulijaribu sabuni kali, tukajaribu mafuta ya taa, kila mara matone ya maji yakisimama juu ya mti kama kwenye jani la mgomba. Mwisho ilichongwa kwa randa, milimita tatu hadi nne.

Kinga ya fangasi na wadudu ilikuwa chumvi ya boroni. Wakulima wa parachichi na chai wa huko wanaifahamu kama mbolea ya kunyunyizia majani, na ile yenye oktaborati ndiyo kemikali iliyo ndani ya dawa nyingi za mbao. Iliyeyushwa kwenye maji ya moto kwa kiasi cha asilimia 10 hivi na kupakwa mara mbili kwenye mti mtupu, na mara nyingi zaidi kwenye vichwa. Faida yake ni kwamba inasafiri ndani ya mti ikifuata unyevu. Udhaifu wake unatokana na hilohilo: mvua ikiupiga mti mtupu, boroni inaondoka na maji. Lazima ipakwe chini ya paa, kisha mti ukauke, kisha ufunikwe.

Likabaki suala la rangi. Mama mwenye nyumba alisema, "Mwanangu, hii miti nimeipanda ikiwa miche. Sitaki ifichwe." Hoja hiyo haijibiwi kwa kemia. Wakati paa linaongezwa, vibao vitatu vya msindano vilining'inizwa ukuta wa magharibi, mahali pasipo na kivuli: kimoja kikiwa na mafuta ya kupenya yasiyo na rangi, kimoja steini ya kahawia nyepesi, kimoja kahawia nzito. Kiangazi kilipofika katikati kibao cha kwanza kilikuwa kimegeuka kijivu. Vile viwili vilikuwa salama, ila kizito kilikuwa na nyufa zaidi, kwa sababu rangi nzito inanyonya joto. Mama alichagua kahawia ya kati mwenyewe, bila kusukumwa. Kinachokinga hapo ni chembe za rangi, oksidi ya chuma, zinazozuia mionzi isifike kwenye mti huku mistari ya mti ikionekana.

Kupaka

Kazi ilifanyika Septemba na kuingia Oktoba, mvua za Novemba zikiwa bado. Kipima unyevu kiliamua ukuta upi uanze: chini ya asilimia 18, pakwa, juu ya hapo, subiri. Wapakaji walianza saa nne ukungu ukiwa umeinuka na umande umekauka, wakafuata kivuli kuzunguka nyumba, wakaacha saa tisa alasiri. Mti wenye joto la jua unakausha steini kabla haijapenya.

Kiasi cha steini kilipimwa kwa uzi uliopitishwa juu ya migongo ya magogo, si kwa futi iliyonyooshwa. Kwa magogo haya eneo lilizidi la ukuta bapa kwa karibu nusu nzima. Upungufu uliomfanya fundi wa kwanza aongeze thina ulikuwa hapo.

Steini ilipakwa kwa brashi, mkono wa pili ukifuata kabla wa kwanza haujakauka, na iliyobaki juu ikafutwa kwa kitambaa. Vichwa vya magogo vililishwa mpaka vikakataa. Nyufa zinazotazama juu na zenye upana wa zaidi ya milimita sita zilijazwa kamba ya sponji kisha silikoni ya kujengea inayokubali kupakwa. Zinazotazama chini ziliachwa, kwa kuwa hizo hazikusanyi maji.

Jioni moja matambara yaliyotumika kufutia yalikutwa yamerundikwa pembeni ya stoo yakiwa ya moto na yameanza kutoa moshi, na hakuna aliyewasha kiberiti. Mafuta ya kukauka, kama ya kitani, yanatoa joto yanapokutana na hewa, na rundo linalizuia joto hilo lisitoke. Tangu siku hiyo kila kitambaa kilitumbukizwa kwenye ndoo ya maji kisha kikaanikwa kimoja kimoja. Nyumba ya mbao, steini ya mafuta na rundo la matambara. Ajabu ni kwamba makopo mengi yana onyo hilo kwa maandishi madogo kuliko jina la rangi.

Pesa zilianza kuisha kabla ya kazi. Paa, baraza na gata vilikuwa vimekula zaidi ya nusu ya bajeti. Steini haikufika robo. Saruji iliyokuwa kati ya magogo iliondolewa kuta mbili tu, magharibi na kusini, na kuzibwa kwa silikoni ya kunyumbuka. Mashariki na kaskazini ikabaki. Ukuta wa mashariki pia ulipakwa ukiwa umesoma kati ya 20 na 22, kinyume na tulivyokubaliana, kwa sababu wageni walikuwa wameshalipia vyumba.

Matokeo

Misimu miwili ya mvua baadaye hakuna mahali palipobambuka. Hilo halipaswi kushangaza, maana steini ya kupenya haina ngozi ya kubambuka, inafifia tu. Ukuta wa magharibi, kwa ile sehemu ya juu isiyofunikwa na baraza, ulifikia hatua ambayo matone ya maji yanafyonzwa badala ya kusimama, nayo ndiyo ishara ya kupaka tena. Kaskazini ilikuwa imefifia kidogo. Kusini rangi ilikuwa karibu kama mpya, na unyevu ulishuka kutoka kwenye 24 hadi 28 za awali ukawa kati ya 17 na 19, hata mwezi Aprili. Vipande vipya vya chini ni vizima.

Ukuta wa mashariki ulituumbua. Steini ilibaki inanata kwa wiki kadhaa, vumbi likashika, na kabla mvua za kwanza hazijaisha ukungu mweusi ulikuwa umerudi juu yake. Uliosheka, ila mabaka yamebaki. Saruji iliyoachwa kwenye ukuta huo imeachana na magogo kwa nyufa nyembamba zinazopokea manyunyu na kuyahifadhi, kwani mti unavimba na kusinyaa kila msimu na saruji haifuati.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema steini ilifaulu pale vanishi iliposhindwa. Lakini vitu vingi vilibadilishwa kwa wakati mmoja, na mtu mwenye shaka ana haki ya kuuliza kipi hasa kilichosaidia. Kwa bahati kulikuwa na kibanda cha kuni nyuma ya nyumba, kilichojengwa kwa magogo ya shamba lilelile, kikapata kostiki, boroni na steini ileile, na mafundi walewale. Kilichokosa ni upenu na gata, kwa kuwa hakuna mgeni anayelala kwenye kuni. Baada ya misimu ileile miwili, magogo yake ya chini yalisoma 26, na steini ya upande wa kusini ilikuwa imegeuka nyeusi. Kwa jicho langu, mabati ndiyo yaliyookoa nyumba kubwa, na steini ikapewa nafasi ya kufanya kazi yake.

Upande wa jua hali ni tofauti. Sehemu ya juu ya ukuta wa magharibi haikufunikwa na chochote, na hapo rangi ndiyo iliyobeba mzigo peke yake. Imedumu miaka miwili, na sitarajii zaidi. Anayeuza kitu cha nje kwa ahadi ya miaka kumi kwenye ukuta wa magharibi wa nyanda za juu aulizwe amekijaribu wapi.

Kuhusu fundi wa kwanza, lawama nyingi zilimwangukia na sikubaliani nazo. Alipewa magogo mabichi, paa fupi na agizo la kung'arisha. Vanishi nzuri ya nje ingechelewesha tu kilichotokea. Ambacho ni chake ni upimaji na thina. Fundi wa pili ana hoja nzito zaidi ya kujibu: alikuta ngozi inayonyanyuka, akaifunika bila kuuliza kwa nini inanyanyuka.

Na ukuta wa mashariki? Tulikuwa na kipima unyevu, tulikuwa na kikomo tulichokiweka wenyewe, na kalenda ya wageni ikatushinda nguvu. Ningeshauri mwenye nyumba yeyote afunge vyumba vya upande mmoja kiangazi kizima badala ya kuvifunga vyote kwa wiki tatu. Kuta hazikauki kwa wakati mmoja, na hakuna sababu ya kuzipaka kwa wakati mmoja. Kwa nyumba hii ratiba sasa inakwenda kwa ukuta: magharibi kila Septemba ya pili, kaskazini kila ya tatu, kusini na mashariki kuoshwa kila mwaka mvua zikiisha na kupakwa pale tone la maji litakaposema. Kazi ya kiangazi kijacho ni kutoa saruji iliyobaki mashariki, kusubiri usomaji ushuke chini ya 18, kisha kuchuna ile steini inayonata na kuanza upya. Kibanda cha kuni kimeshatengewa mabati.